Mmisionari kijana Mombasa: mwezi wa kwanza

Anza na karatasi, maana hazingoji. Kibali cha kazi za dini na hisani ni cha daraja la I (ni herufi, si namba moja), na kanisa au shirika lililokualika ndilo linalokuombea. Atakayekaa zaidi ya siku 90 hujiandikisha pia apate kitambulisho cha mgeni. Piga kopi tatu za pasi, moja ibaki kwa mwenyeji wako. Laini ya simu husajiliwa kwa pasi hiyo hiyo. Fungua M-Pesa papo hapo, kwani hata muuza mbaazi wa asubuhi huipokea.

Kisha maji. Mfereji hautoki kila siku, na maji ya visima vingi yana chumvi: sabuni haitoi povu, chai inaharibika, na kuyachemsha hakuiondoi. Kwa hiyo gawa mara mbili. Ya chumvi ni ya choo na kudekia. Ya kunywa na kupikia nunua matamu kwa mwenye mkokoteni, jerikeni la lita 20, uyachemshe mpaka yatokote sawasawa. Kuoga, kufua na choo hula kama majerikeni mawili kwa siku kwa mtu mmoja, na joto la Februari na Machi litakufanya unywe lita tatu bila kujijua.

Kosa la wageni ni kuacha ndoo wazi. Mbu wa homa ya dengi huzaa humo humo ndani ya nyumba, na yeye huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa. Funika kila chombo, usugue kuta zake kila wiki. Mbu wa malaria ni wa usiku: chomeka chandarua chini ya godoro kabla ya magharibi. Ukishikwa na homa, kapime siku hiyo hiyo. Usimeze aspirini wala ibuprofen kabla ya majibu, kwani kama ni dengi huzidisha hatari ya kuvuja damu, parasetamoli inatosha. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo homa ikamchukulia mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Yeye hakuwa na kipimo. Wewe huna udhuru.

Sasa watu, na hapa ndipo penye kazi. Kiswahili ulichokipata Bukavu au Dodoma kitakusaidia, lakini masikio yatababaika. Bibi wa Mji wa Kale akikwambia "ndoo", hakutumi ndoo: anakwambia njoo. "Ndia" ni njia, "ndaa" ni njaa. Usimsahihishe. Mkutano wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa, na wamisionari wa hapa ndio waliokuwa wakikipigania Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kwa hiyo ukimkosoa bibi, unawakosoa na wakubwa zako.

Kwenye nyumba ya watu, simama kando ya mlango, usiukabili. Piga hodi, ngoja kidogo, piga tena. Ya tatu ikikosa jibu, ondoka. Viatu vibaki nje. Ukiwa mwanamume na ndani wako wanawake peke yao, maliza salamu barazani. Mzee umwamkie shikamoo kabla hajakutazama mara ya pili, na usirukie haja yako: muulize hali, watoto, mgonjwa kama yuko. Ukiletewa kahawa tungu, pokea kwa mkono wa kulia na unywe walau kikombe kimoja. Kukataa hueleweka kama kumtilia shaka mwenye nyumba.

Ziara ziwe asubuhi kabla ya saa tano au baada ya alasiri. Ijumaa adhuhuri usimwendee Mwislamu, yuko msikitini. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana, na safari zako zimalize mapema, kwani karibu na futari kila mtu anakimbilia nyumbani na feri ya Likoni hufurika. (Kuvuka kwa miguu ni bure, atakayekudai nauli ni tapeli.) Kaptura ni ya pwani na mpirani. Dada, leso (khanga) moja ndani ya mkoba inakutosha kwa mengi.

Wiki ya tatu hivi upweke huja. Usiumalize kwa simu za nyumbani kila usiku, maana hukuongezea kiu. Weka siku moja ya wiki, jioni zilizobaki kaa barazani. Ndipo pia maombi ya pesa yanapoanza: karo, dawa, kodi. Usitoe mfukoni, usiahidi. Sema, "Mimi sina ruhusa ya kutoa, lakini ombi lako nitalifikisha," uliandike mbele ya mwombaji, na jibu likishapatikana umrudishie wewe mwenyewe, hata likiwa hapana.