Unataka kumuajiri mkimbizi? Anza na makaratasi, nauli baadae

Kuna washkaji wana karakana ya mbao hapa Mafinga, wamepata fundi seremala Mkongo yuko kambini Kigoma, wanataka kumpa kazi, na swali lao la kwanza kwangu eti nauli ya basi shingapi. Wakuu, nauli ni mwisho kabisa. Mkimbizi hatoki kambini bila ruhusa ya maandishi, ukimpakia kienyeji mmeponzana wote wawili.

Kwanza muwe na kazi ya kweli. Andikeni barua: anakuja kufanya nini, mshahara kiasi gani, mkataba wa muda gani, atalala wapi. Maana kibali kinafuata kazi, hakifuati shida za mtu. Hili halijaanza leo, waangalie Wayahudi wa Ujerumani na Austria. Mwaka 1938 Hitler kaichukua Austria mwezi wa 3, Novemba masinagogi yakachomwa usiku, watu wanatafuta pa kutokea na nchi nyingi zimebana mlango. Uingereza ilikuwa na uhaba wa wadada wa kazi, upenyo ukawa hapohapo, wakaingia wanawake kama 20,000 hivi kwa vibali vya kazi za ndani. Mtu kule Vienna, Austria, alikuwa na dada wake wa kazi, sasa yeye ndo anaosha vyombo vya wenzie. Wengine walijitangaza kwenye magazeti ya Uingereza, mpishi, mtunza bustani, sijui kama kila mmoja alikuwa amewahi kushika jembe ila mi siwalaumu.

Halafu Septemba 1939 vita ikaanza, kuna waliokuwa na visa mkononi tayari, ikabaki karatasi tu. Kwa hiyo usilalie faili, kila wiki ulizia.

Maombi anapeleka mwajiri, sio fundi. Sheria ya 2015 ya ajira za wageni ina daraja E, hilo ndo la wakimbizi, na anayetoa kibali ni Kamishna wa Kazi. Andaa mkataba, picha, maelezo ya kazi, nakala za vyeti na karatasi yake ya ukimbizi. Vyeti vimebaki Kongo? Nenda ofisi ya kazi uulize kabla hujatuma, usibuni. Vishoka wa getini waache wapite, mimi walishanila hela kwa faili la mtu mwingine na halikusogea hata hatua.

Mkataba uusome kwa jicho la yeye. Wale wanawake wa Kiyahudi kibali chao kilikuwa cha kazi za ndani tu, akipata bosi mkorofi anavumilia maana akiacha kazi na kibali kinayumba. Mlipe kama mafundi wenzake, na karatasi zake akae nazo mwenyewe, sio kwenye droo yako.

Ruhusa ikitoka, kibali kipo, sasa uliza nauli. Na kama anafika mwezi wa 6 au wa 7 mtafutie blanketi zito na koti kabisa, katoka kwenye joto la Kigoma huyo.