Kuacha kuchoma taka nyumbani na kupunguza dioksini: hatua kwa hatua

Kila ninapomsaidia mtu kuachana na shimo la moto nyumbani kwake, yeye huanza na plastiki, mimi huanza na maganda. Wengi hawachomi taka kwa kuwa ni nyingi. Wanachoma kwa kuwa zinanuka, zinaleta nzi na panya. Uvundo ukiisha, kiberiti hakina kazi tena.

Dioksini ni kundi la kemikali zenye sumu kali, na haitiwi kwenye bidhaa yoyote. Huzaliwa pale kitu chenye klorini kinapoungua nusunusu, hasa moshi ukiwa unapoa kati ya nyuzi 200 na 450 hivi za Selsiasi, juu ya chembe za masizi; shaba kidogo ikiwemo, kazi inakwenda haraka zaidi. Klorini imo kwenye plastiki ya PVC (ile ya mabomba na maganda ya nyaya za umeme), lakini imo pia kwenye chumvi ya makombo. Ndiyo maana kutoa plastiki peke yake na kuchoma vilivyobaki hakumalizi tatizo.

Na pipa lililotobolewa matundu, ambalo wengine huchomea taka wakidhani moshi utapungua? Silipendekezi kwa mtu yeyote. Tanuri za kiwandani zinazosimamiwa vizuri hushikilia gesi kwenye nyuzi 850 au zaidi kwa angalau sekunde 2, halafu huipoza ghafla na kuichuja. Pipa lina moto mkali katikati na moshi unaopoa taratibu pembeni, yaani mazingira yaleyale ambayo dioksini inayapenda.

Hatua ya 1: Zima

Kama shimo bado linafukuta chini kwa chini, mwagia maji kisha funika kwa udongo. Moto wa kufukuta ni mbaya kuliko unaowaka.

Hatua ya 2: Vyombo vitatu

Taka bichi (maganda na makombo), taka kavu, na taka za hatari (betri, dawa, sindano, balbu). Cha taka bichi kiwe na mfuniko na kikae pale chakula kinapoandaliwa. Ukikiweka nje, hakuna atakayekifuata.

Hatua ya 3: Mboji

Hapa ndipo watu hukata tamaa na kurudi kwenye moto, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chagua mahali penye kivuli, juu ya udongo wala si juu ya saruji, ili maji ya ziada yanyonywe. Tandaza matawi membamba chini hewa ipite. Kisha kanuni ninayoishikilia: kila ndoo moja ya taka bichi, ndoo mbili za vitu vikavu, yaani majani makavu, nyasi zilizokauka, maranda au maboksi yaliyochanwachanwa. Maranda yasitoke kwenye mbao zilizopakwa rangi au dawa. Watu huweka vitu vikavu vichache mno, lundo linageuka uji mweusi, linatoa harufu ya yai viza, halafu mboji ndiyo inalaumiwa.

Harufu inakuambia tatizo liko wapi. Yai viza: maji mengi, hewa haipiti, geuza na uongeze vikavu. Harufu kali inayochoma pua kama mkojo: bichi zimezidi; ongeza vikavu vilevile. Hakuna harufu na hakuna joto: limekauka, nyunyizia maji. Kupima unyevu, kamata konzi moja ukamue kwa nguvu. Matone mawili matatu yakitoka, sawa. Yakitiririka, limelowa mno. Ukifungua kiganja vikasambaratika, ongeza maji.

Geuza kila wiki kwa jembe uma. Koleo linabonyeza tu. Lundo la upana na kimo cha mita 1 hivi linaweza kufika nyuzi 55 hadi 65 katikati, na ukizamisha mkono humo utautoa haraka. Lundo dogo halichemki, bali huoza polepole, na hiyo si kasoro.

Usiweke nyama, samaki, mifupa wala mafuta ya kupikia mpaka uzoee. Ukilazimika, zika katikati kabisa, kamwe usiache juu. Na kila unapomwaga taka bichi, funika kwa vikavu papo hapo, hata kama ni usiku na umechoka. Nzi hawasubiri asubuhi.

Hatua ya 4: Taka kavu

Suuza, kausha, tenganisha, peleka kwa wanaonunua au kukusanya. Zisizo na makombo hukaa hata miezi bila kunuka.

Plastiki yenye namba 3 ndani ya pembetatu ni PVC. Wako wanaofundisha kuitambua kwa waya wa shaba uliopashwa moto, ukiona mwali wa kijani ni klorini. Usifanye: ni shaba, klorini na moto kwa pamoja. Kwa sababu hiyohiyo, usichome nyaya ili upate shaba. Chuna kwa kisu.

Hatua ya 5: Mabaki

Nepi, pedi na vifungashio visivyonunuliwa na mtu: kama hakuna gari la taka, zika. Shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, lisifike kwenye maji ya ardhini, na kila mara funika kwa udongo. Kuzika si kuzuri, ila kuna nafuu kuliko moshi. Taka za hatari zisiingie humo. Zihifadhi mpaka upate wanaozipokea.

Hatua ya 6: Jivu la zamani na kuku

Dioksini hung'ang'ania udongo na mafuta, haiyeyuki kwa urahisi majini. Zaidi ya asilimia 90 ya ile inayotufikia hupitia chakula, hasa nyama, maziwa na samaki, na mwilini nusu yake huchukua miaka 7 hadi 11 kutoka. Kuku wanaodonoa kwenye jivu huihamishia kwenye kiini cha yai. Kwa hiyo lowesha jivu kabla ya kulikusanya, jifunike pua na mdomo, lizike, na usilitie bustanini hata kama uliambiwa ni mbolea. Eneo lenyewe liwekee udongo safi juu na upande nyasi. Usipande maboga hapo, maana mizizi yake hunyonya dioksini kuliko mimea mingi. Kuku wazungushie uzio mbali na hapo, na mayai ya waliokuwa wakichakura jalalani usiwape watoto wala wajawazito.