Kabla hujanunua mashine ya presha, tafuta maji: mwongozo wa kuosha magari Mtwara

Vijana wanaonifuata kijiweni kuulizia biashara hii huanza na swali lilelile: "Kaka, ninunue mashine gani?" Nami huwauliza, maji utayatoa wapi? Baadhi hununa, wakidhani nawabania. Siwabanii. Mashine inatengenezeka, ikifa kabisa hata ya kuazima ipo. Gari likishapigwa povu halafu maji yakakata, mteja amekaa kwenye benchi anakutazama, hakuna fundi wa kumwita.

Naosha magari, bodaboda na bajaji hapa Mtwara mjini, na mara mojamoja naitwa kuosha paving na kuta. Ninayoyaandika ni yale yanayonisumbua kila siku na namna ninavyopita humo.

Hatua ya 1: Pima maji yako kabla ya kupanga bei

Chukua ndoo ya lita 20, washa mashine, elekeza bunduki (mkono wa kupulizia maji) humo ndani, uangalie saa. Ikijaa kwa dakika mbili, unatumia lita 10 kwa dakika. Kisha osha gari moja dogo na uhesabu dakika ambazo bunduki iko wazi tu, siyo muda wote wa kazi. Kwangu ni kama dakika saba, yaani lita 70. Simtanki la lita 1,000 linanipa magari 14, na kwa kuwa vijana hawaishi kuosha miguu yao humohumo, nahesabu 12.

Sasa bomba likikauka ununue maji ya guta. Dumu la lita 20 likiwa shilingi 300, lile gari dogo limekunywa madumu matatu na nusu, shilingi 1,050. Bei yangu ya gari dogo ni 5,000. Toa maji, toa petroli ya kama 500, sabuni 300, kijana 1,500. Imebaki 1,650, na hapo hujagusa kodi ya eneo wala pesa ya fundi. Ukiosha kwa 3,000 ili kuvuta wateja, siku ya maji ya guta unamlipa mteja akuletee gari lake.

Visima vya karibu na bahari vionje kwanza kwa ulimi. Maji ya chumvi yakikaukia kwenye kioo yanaacha madoa meupe, na ndani ya pampu yanakula taratibu bila kupiga kelele. Mimi ya kisima nayatumia kwa ndoo na brashi kulegeza tope la matairi na kusafisha sakafu. Kwenye mashine yanaingia maji baridi tu, yaani yasiyo na chumvi.

Tanki liinue juu ya sakafu, mita moja au zaidi, ili maji yashuke yenyewe kwenda kwenye pampu. Mpira wa kuingizia uwe mfupi na mnene, robo tatu inchi, usio na ufa hata mdogo. Pampu ikivuta hewa inatetemeka na kugonga kama ina mawe tumboni, na hapo inajila yenyewe. Kabla ya kuwasha, bonyeza bunduki uache maji yapite mpaka mapovu yaishe.

Hatua ya 2: Mashine

Nilianza na mashine ndogo ya umeme ya nyumbani. Ilikufa ndani ya miezi mitatu, na kosa lilikuwa langu: niliiendesha kutwa kama mashine ya kusaga, tena kwa waya mrefu mwembamba wa kuungaunga. Waya wa namna hiyo unashusha umeme njiani, mota inachemka. Ukitumia umeme, tafuta waya mnene wa milimita za mraba 2.5, usiwe mrefu bila sababu, na uwekewe ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Wewe umesimama kwenye maji.

Ninayotumia sasa ni pampu ya mkanda yenye plunja tatu (vyuma vinavyosukuma maji) na kichwa cha shaba, zile ambazo wengine hupulizia dawa mashambani, nikaifungia injini ya petroli. Presha yake siyo ya kutisha, baa 30 hivi (baa ni kipimo cha presha), lakini inavumilia kutwa nzima. Mambo matatu tu inadai. Vikombe vya grisi vizungushe kidogo kila baada ya saa mbili za kazi. Kioo cha oili kitazame kila asubuhi, na oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, sili (mipira ya kuzuia maji yasivuje) zimechoka. Tatu, ule mpira wa kurudishia maji uingie ndani ya tanki. Nimeona mtu ameuacha chini unamwaga, halafu analalamikia bili.

Wenye mashine mpya za baa 100 na zaidi waangalie rangi za nozo, zile ncha za bunduki. Nyekundu inatoa maji ya ncha moja kama msumari, usiisogeze kwenye gari la mtu. Njano inatawanya maji kwa pembe ya nyuzi 15, kijani 25, nyeupe 40. Kwenye rangi ya gari tumia nyeupe au kijani, ukikaa umbali wa sentimita 30 au zaidi, na matairi vilevile, maana maji makali yanajeruhi ubavu wa tairi bila wewe kuona. Wala usipime ukali kwa kiganja. Maji ya presha kubwa yanaweza kupenya ngozi na kuacha tundu dogo kama la sindano huku ndani kumeharibika. Ikitokea, ni hospitali papo hapo, na umweleze daktari kuwa ni maji ya presha.

Hatua ya 3: Sakafu, kivuli na shimo

Kivuli kwanza. Jua la Mtwara likipiga boneti, povu linakauka kabla hujafika mlango wa nyuma, na doa la sabuni iliyokauka linakupa kazi mara mbili. Makuti yanatosha.

Shimo ndilo watu wanalolikwepa. Usimwage maji ya sabuni na oili barabarani au kwenye mtaro wa mvua, majirani watakusema na maofisa wa manispaa watakuja na haki yao. Jenga shimo la vyumba viwili. Chumba cha kwanza kinapokea maji, mchanga unatua chini na oili inaelea juu. Kutoka hapo kwenda cha pili weka bomba lenye elbo (kiungo cha kona) inayotazama chini, mdomo wake uzame katikati ya maji. Maji ya katikati ndiyo yanayovuka, oili inabaki nyuma. Chumba cha pili kijaze kokoto, maji yanywee ardhini. Kila Jumamosi nakombeleza oili kwa kikopo na kuihifadhi kwenye dumu, na mchanga nautoa kwa chepeo. Shimo liwe mbali na kisima cha mtu.

Karatasi nazo zishughulikie mapema: TIN ya TRA na leseni ya biashara ya halmashauri.

Hatua ya 4: Zunguka gari kabla ya tone la kwanza

Siku moja nilikabidhi Noah imemeta, mwenyewe akaizunguka akasimama kwenye bampa la nyuma. "Bosi, huu mkwaruzo mmenitia nyie." Mkwaruzo ulikuwa na kutu ndani yake, kutu haizaliwi kwa nusu saa, lakini nilikuwa sina ushahidi na wateja wengine wanasikiliza. Nililipa nusu ya gharama ya fundi rangi.

Tangu siku hiyo gari halimwagiwi maji kabla sijazunguka nalo na mwenyewe, simu mkononi inarekodi video. Naanzia bampa la mbele, kushoto, nyuma, kulia, kioo cha mbele, halafu dashibodi. Nasema kwa sauti ninachokiona: "Hapa pana mkwaruzo, taa hii ina ufa." Kisha namwomba atoe pesa, simu na miwani. Hatoi? Naviweka kwenye mfuko wa plastiki mbele yake, nafunga fundo, namkabidhi. Akina mama huwa wananishukuru, wanaume baadhi hucheka. Sawa, wacheke.

Hatua ya 5: Kuosha kwenyewe

Toa mazulia. Piga maji chini kwanza, kwenye matao ya matairi na chasisi, kwa sababu tope jekundu la barabara za Newala na Tandahimba linaganda humo. Ukiosha mwili kwanza utauchafua tena. Halafu lainisha mwili wote kwa maji matupu, vumbi litoke kabla ya kitambaa kugusa rangi. Ukisugua vumbi umesugua msasa. Povu lipake kuanzia chini kwenda juu, suuza kuanzia juu kwenda chini. Ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Kitambaa cha rimu kisikutane na cha boneti. Sabuni ya unga ya kufulia iache nyumbani, inafubaza rangi. Shampuu ya gari si ghali ukiichanganya kwa kipimo.

Injini siigusi mwenyewe akiwa hayupo. Iwe imepoa, alteneta na boksi la fyuzi zifunikwe kwa nailoni, na maji yapite kwa upole.

Gari lililotoka kutembezwa kwenye mchanga wa ufukwe wa Msimbati lioshe chini kwa maji baridi muda mrefu kuliko kawaida, na useme bei kabla. Mwenye gari anaona mchanga tu, chumvi haioni.

Kuna mzigo mmoja ambao mtu wa mikoa mingine hatakufundisha. Kati ya Juni na Agosti wakulima wanapulizia mikorosho salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na pikapu zinakuja hapa na unga wa njano umejaa kwenye bodi. Mara ya kwanza kijana wangu alielekeza presha moja kwa moja. Unga ukaruka, ukamwingia machoni, tukamsuuza kwa maji safi robo saa nzima huku analia. Mzee mwenye pikapu alikuja akiwa ameshika kiuno.

"Shikamoo mzee. Samahani kwa kuchelewa."

"Marahaba mwanangu. Pole na kijana. Lakini hiyo mnayoimwaga ni hela, kwa nini hamkunipa mfuko?"

Alikuwa na haki. Sasa tunavaa miwani na barakoa, tunasimama upepo ukiwa mgongoni, tunafagia salfa ikiwa kavu na kuitia kwenye kiroba cha mwenyewe. Maji yanafuata baadaye.

Hatua ya 6: Ukiitwa kuosha kuta na paving

Kazi hizi zinalipa vizuri, na ndizo zilizonitia aibu kuliko zote. Kule Mikindani nyumba nyingi za zamani ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Nilipewa ukuta wenye ukungu mweusi, nikakodi mashine ya baa 120, nikasogea karibu. Ukungu ulitoka. Lipu nayo ikatoka, kipande cha ukubwa wa mlango, mchanga ukaanza kumwagika kama unga wa muhogo. Chokaa ni laini, haina ubishi wa saruji.

Ukuta wa namna hiyo usiupige presha kabisa, tumia brashi laini na maji. Wa saruji wenye ukungu upake jiki iliyozimuliwa, subiri dakika kumi, suuza kwa nozo pana. Kamwe usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, inatoa hewa ya sumu. Paving ilaze bunduki kwa mshazari, ukichimba wima mchanga wa katikati ya tofali unatoka na tofali zinacheza. Bati lipige kwa kufuata mteremko, usielekeze maji chini ya maungio. Na ukiwa juu ya ngazi usishike bunduki, ina teke.

Hatua ya 7: Madeni

Minada ya korosho huanza Oktoba, na ahadi za korosho huanza Julai. "Andika bosi, nikilipwa korosho namaliza zote." Wengi ni waaminifu kweli, lakini petroli hainisubiri mpaka mnada. Kanuni yangu: mteja ninayemfahamu, gari moja la deni tu, aandike mwenyewe kwenye daftari kwa mkono wake. La pili halioshwi mpaka la kwanza lilipwe. Lipa namba nimeibandika kwenye nguzo, maana kisingizio cha "sina keshi" kilikuwa kinanigharimu soda ya kila siku.

Oktoba hadi Desemba malori hayaishi, weka akiba. Mvua zikishika, Januari hadi Aprili, kuna siku unaosha bodaboda mbili tu. Kijana mlipe kwa gari aliloosha, na siku kavu mpe ya chakula. Ukimwacha na njaa atafungua kijiwe chake kwa sabuni yako.

Hatua ya 8: Ikigoma

Presha imeshuka? Anza na nozo. Itoe, pitisha waya mwembamba, isuuze kwa upande wa pili. Halafu chujio, kisha mpira wa kuingizia. Pampu ifunguliwe mwisho. Kamba ya kuwashia ngumu kuvuta? Presha imebaki ndani, bonyeza bunduki itoke. Injini inakohoa baada ya kulala wiki? Mwaga petroli ya zamani kwenye kabureta. Na ukiwa unapiga soga na mteja, usiiache mashine inanguruma bunduki imefungwa. Kwenye mashine nyingi maji yanazunguka humohumo yanachemka na sili zinaiva. Ikizidi dakika mbili, zima.

Jioni napitisha maji baridi dakika tatu, nazima injini, nafunga koki ya petroli, nabonyeza bunduki mpaka ikohoe hewa. Mpira naukunja duara kubwa, usivunjike shingo. Mashine naifunga kwa mnyororo kwenye nguzo. Bunduki na nozo nakwenda nazo nyumbani, zinalala chini ya kitanda.