Kabla hujapokea funguo ya gari ya mtu wikiendi

Watu wanaotaka kuanza kufanya usafi wa magari kama kazi ya pembeni wananiulizaga mashine ya presha ni bei gani na shampoo nzuri ni ipi, hakuna anayeniuliza ukiharibu gari ya mtu inakuwaje. Mimi nilianza hivyo hivyo. Jumatatu mpaka Ijumaa niko stoo kazini, wikiendi nazunguka Pasiansi na Bwiru hapa Mwanza na ndoo zangu, vakyumu na mashine ya polishi, mpaka siku bosi mmoja aliporudi jioni kuchukua Harrier yake, akaizunguka mara mbili kimya, akainama kwenye bampa ya nyuma, akalamba kidole akakipitisha pale. "Hii umeifanya wewe." Mkwaruzo urefu wa kalamu. Niliukuta, tena niliukuta umejaa vumbi jekundu la siku nyingi, ila hilo vumbi nilishaliosha mwenyewe asubuhi. Nilimfanyia gari bure wikiendi tatu.

Kwa hiyo kabla ya maji, video. Sio picha mbili za mbele, video ndefu, unazunguka taratibu, rimu zote nne, vioo, chini ya bampa, halafu ndani unawasha swichi dashibodi yote ionekane, kilomita na taa zinazowaka, maana taa ya cheki injini ikikutwa jioni utaambiwa umeiwasha wewe kwa presha yako. Fungua na droo ya mbele, kama kuna hela au laptop mwenye gari aondoke navyo, usikubali kuambiwa "iache tu hapo". Kisha mtumie hiyo video WhatsApp na usiguse kitu mpaka ajibu sawa. Na usiifute baada ya wiki, madai ya mkataba yana muda wa miaka 6 kufunguliwa mahakamani.

Mkataba? Ndio, hata kama mlielewana kwa simu tu huku yuko kwenye foleni ya Buzuruga. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, na Sheria ya Mikataba, Sura 345, inasema ukikabidhiwa mali ya mtu uitunze kama mtu makini wa kawaida anavyotunza ya kwake. Ukishika funguo umekabidhiwa. Ndio maana yale mabango ya "hatutahusika na upotevu wowote" mimi siyaamini sana, yanatisha wateja lakini uzembe wako hayauoshi. Afadhali karatasi moja, au meseji, inayosema kazi gani utafanya na gani hutafanya, mikwaruzo uliyoikuta, na saa ngapi atachukua gari.

Cha hapa kwetu ni miteremko. Mwanza mawe na vilima, wateja wa Isamilo au Capri Point ua wenyewe umeinama, na ukiwa unasafisha ndani utataka kushusha hendibreki ili ufikie katikati ya siti. Usishushe kabla hujaweka jiwe kwenye tairi, mawe yamejaa kila kona hatuna kisingizio. Gari ikiteremka ikagonga ukuta wa jirani, bima ndogo (third party) inaangalia madhara ya huyo jirani, gari yenyewe haiilipi hata shilingi. Mwenye bima kubwa (comprehensive) anaweza kulipwa, lakini kampuni ikishamlipa ina haki ya kukugeukia wewe uliyesababisha, na mikataba mingi ya bima inataja nani anaruhusiwa kuendesha na kwa matumizi gani. Mimi gari ya mteja siiendeshi barabarani kabisa, aniletee au nimfuate, ukiniona na gari ya mtu sheli ujue nimerogwa. Ukianza kupata magari mengi muulize wakala wa bima kuhusu bima ya dhima, ile ya madhara unayowasababishia watu wengine kazini, na umuulize wazi kama inagusa gari uliyokabidhiwa, maana nyingine haziigusi.

Kazi zenyewe pia hazilingani. Kufuta vumbi na kuvakyumu hakuna ishu. Kung'oa siti za mbele ndio mtihani, chini yake kuna waya wenye plagi, mara nyingi ya njano, huo ni wa eabegi, ukiuchomoa na swichi imewashwa taa ya eabegi inakaa pale mpaka fundi aje na mashine. Kuosha injini kwa presha ukipiga alteneta au kontroboksi, ile kompyuta ya gari, umejitafutia. Na polishi ya mashine kwenye gari iliyorudiwa rangi, klia, ile rangi ya juu inayong'aa, inaisha kwenye kona bila hata kukuambia. Kama hujui kitu kiache, mwambie mteja hicho sifanyi.

Ukimchukua dogo akusaidie, kosa lake akiwa kwenye kazi yako ni lako, mteja atakudai wewe.

Halafu ziwa. Najua maji ya bure yanavutia, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, sasa wewe ukiweka kibanda na povu la sabuni na oili linatiririka kuelekea inakoegeshwa mitumbwi, subiri wageni wa NEMC, wale wasimamizi wa mazingira.

Leseni ya halmashauri na TIN shughulikia mapema, na soma mkataba wa kazi yako ya mchana kama unaruhusu ya pembeni. Kusajili jina la biashara BRELA ni vizuri ila jina sio kampuni, ukidaiwa unadaiwa wewe na pikipiki yako.

Yule bosi wa Harrier bado ni mteja wangu. Siku hizi nikianza kurekodi ananiita mwenyewe, "dogo, usisahau na huu wa nyuma". Mkwaruzo bado upo, rangi hajapiga mpaka leo.