Namna ya Kuidai Kampuni Kubwa Katika Mahakama ya Mwanzo

Hapa Arusha wakulima na mafundi wengi hufanya biashara na kampuni za hoteli na utalii, kisha huishia kupigwa tarehe. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza dai la deni la kimkataba lisilozidi shilingi milioni 30, na mdai anaweza kujisimamia mwenyewe. Nikiwa msaidizi wa kisheria, wadai ninawaelekeza hivi.

Hatua ya kwanza ni ushahidi. Tuseme umepeleka viazi hotelini kutoka Ngaramtoni. Kitakachokubeba ni karatasi ya kupokelea mzigo yenye tarehe, idadi ya magunia na saini ya mtunza stoo, pamoja na ule ujumbe wa simu ambao meneja aliandika kwamba mtalipwa mwisho wa mwezi, kwa kuwa hapo amekiri deni. Uchapishe, lakini usiufute kwenye simu.

Hatua ya pili ni jina la mdaiwa, na hapa ndipo madai mengi ya haki huharibika. Jina lililo kwenye kibao cha getini huenda likawa jina la biashara tu, ilhali kampuni inayoimiliki hoteli imesajiliwa kwa jina jingine kabisa. Litafute BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, ulilinganishe na lililo kwenye risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki. Ukimshtaki meneja badala ya kampuni, pingamizi la kwanza litatoka hapo, na hata ukishinda utapata taabu kuikaza hukumu, yaani kuifanya itekelezwe.

Hatua ya tatu, andika barua ya madai ukitaja kiasi na siku za kulipa. Mimi hushauri siku 14. Nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi.

Hatua ya nne, fungua shauri na ulipie ada, kisha ufuatilie samansi, yaani hati ya kuitwa mahakamani, hadi imfikie mdaiwa. Dai deni peke yake. Ukichanganya na fidia ya kudhalilishwa, unawapa nafasi ya kuhoji mamlaka ya mahakama.

Hukumu ikitoka, upande usioridhika una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Kampuni isipolipa, omba kukaza hukumu, na katika ombi hilo utaje mali unayoijua, kwa mfano gari lililosajiliwa kwa jina la kampuni hiyo hiyo uliyoishtaki.