Kabla hujapiga dawa, geuza jani kwanza

Weka bomba chini kwanza. Mtu akiona vidukari (vile vidudu vidogo vinavyonyonya utomvu wa mmea) anakimbilia dawa, wiki mbili baadaye wamerudi wengi kuliko mwanzo, anasema kauziwa feki. Si feki, imeua mpaka wadudu waliokuwa wanawala hao vidukari. Kidukari jike hahitaji hata dume, anazaa watoto hai na ndani ya siku kama 10 hao watoto nao wanazaa, wakati yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, anayewala, anahitaji kama wiki 3 au 4 toka yai mpaka ukubwa, sasa nani atawahi?

Kwa hiyo asubuhi pita shambani, chagua mimea kama 20 sehemu tofauti, geuza majani. Tafuta dalili za hao walaji wa vidukari: mayai ya njano yaliyosimama wima kikundi kikundi, au kiyai kimoja kimoja juu ya kiuzi chembamba kama unywele, au vidukari waliovimba na kukauka rangi ya kahawia (hao ndani kuna mtoto wa nyigu mdogo sana). Halafu kuna kidude cheusi chenye mabaka ya chungwa, kirefu kirefu kama kamamba, kinatisha kweli, mimi niliwahi kuwaponda kwa kidole jani zima nikijua ni waharibifu kumbe ndio watoto wa yule mwekundu, na kwa kula vidukari hawana mchezo.

Ukiwakuta wa kutosha, subiri siku 3 au 4, rudi uhesabu vidukari kwenye mimea ileile. Vidukari wakipungua, hela ya dawa imebaki mfukoni.

Wakizidi, anza na maji ya presha, halafu maji ya sabuni, ile inaua anayelowa tu, ikikauka basi. Kwa viwavi kuna dawa ya bakteria wa Bacillus thuringiensis, kiwavi mpaka aile ndio afe.

Dawa nyingine soma maandishi madogo ya kwenye chupa. Saipamethrini, deltamethrini, lambda-saihalothrini, hizo zinafyeka wote, ndio maana ukizipiga mara kwa mara utitiri unalipuka, maana wanaoula wamekufa. Imidakloprid inaingia kwenye utomvu, watu wanaiona salama, lakini mdudu anayekula kidukari aliyenyonya utomvu huo naye anaweza kudhurika. Haya si mapya, California miaka ya 1940 walipopiga dawa ya wadudu ya DDT kwenye michungwa, wadudu gamba (wanyonya utomvu wanaogandamana na mti) waliokuwa wametulizwa na mdudu mlaji aliyeletwa toka Australia mwaka 1888 wakafumuka upya.

Ukilazimika, piga paliposhambuliwa tu, jioni, acha mistari kadhaa bila dawa ili walaji wapate pa kujificha. Na ukiona sisimizi wanapanda shina, wazibie njia kwanza, hao wanafuata utamu wanaotoa vidukari na wanafukuza kila anayekuja kuwala.