Usukani mpana mjini wa nini?
Wakuu mnaopiga baiskeli mjini hapa Dodoma, zile mountain baiki usukani wake unafika hadi sentimita 70 na kitu, porini safi sana ila pita nao pale Majengo soko limechangamka, katikati ya bajaji na mikokoteni, uone saiti mira zinavyokukosakosa. Sentimita 58 mpaka 62 hivi zinatosha kabisa, na upepo wetu huu nao haukusumbui sana kwa sababu mikono haijatanuka.

Ila usikimbilie kukata! Kwanza legeza breki na gia uzisogeze ndani, mipira ya kushikia nayo ivute ndani, uendeshe hivyo siku kadhaa usikilizie mabega. Ukiridhika ndo fundi akate kwa msumeno wa chuma, sentimita moja moja kila upande, asugue kwa tupa na kuziba ncha, maana bomba wazi ukianguka nalo linakutoboa. Chuma kikishakatwa hakirudi.

Ukiufupisha sana usukani, baiskeli inakuwa nyepesi mno kukata kona, inayumba. Kama unabeba madumu ya maji kwenye keria, we acha tu huo mpana.